Gemu "lililotelekezwa" bado lina mwenyewe

Sheria ya hakimiliki haina kundi la gemu zilizotelekezwa, yaani za zamani zisizouzwa tena. Hilo ni jina la mitandaoni tu. Marekani, kazi iliyotengenezwa na kampuni hulindwa miaka 95 tangu ilipotolewa. Gemu la kampuni la 1990 litakuwa huru, bila hakimiliki, mwisho wa 2085. Kampuni ikifilisika, haki zake huuzwa pamoja na mali nyingine, kwa hiyo mwenye haki mara nyingi yupo, hata kama hasikiki.

Kinachowachanganya wengi ni gemu la Doom. Msimbo wa injini yake, yaani programu inayoliendesha, ulitolewa 1997, lakini faili za WAD zenye picha, sauti na ramani za gemu kamili hazikuachiliwa. Injini unaweza kuipakua. Data ya gemu kamili unainunua. Usipotaka kununua, mradi wa Freedoom una data huru kabisa ya kutumia na injini hiyo.

Kabla ya kupakua, tafuta kwanza kwenye maduka ya gemu ya mtandaoni kama GOG au Steam, kwani gemu nyingi za DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, zimerudi sokoni zikiwa na DOSBox ndani, programu inayoziwezesha kuchezwa kwenye kompyuta za sasa. Kisha soma faili ya leseni: shareware ni ruhusa ya kusambaza sehemu ya majaribio, si gemu zima. Lakini zipo za bure: gemu la Beneath a Steel Sky, kwa mfano, ni bure kihalali na huchezwa kwa ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani.