Pampu ilikuwa nzima jamani

Leo nimesota. Asubuhi hapa Kimara nawahi kazini, napiga stata pikipiki yangu, injini inazunguka vizuri tu lakini haishiki.

Hii yangu ni ya injekta, yaani mafuta yanapulizwa kwenye injini kwa umeme, haina kabureta. Ukifungua swichi, pampu ya mafuta ndani ya tenki inanguruma sekunde mbili tatu hivi halafu inakata. Leo kimya. Nikalaza sikio kwenye tenki, kimya kabisa.

Fundi kaja kaangalia dakika moja, "kaka pampu imekufa hiyo, tafuta nyingine." Moyo ukaniruka maana pampu si hela ya chai.

Nikasema ngoja kwanza. Fyuzi nzima, rilei (ile swichi inayopeleka umeme kwenye pampu) inagonga tik. Nikachomoa soketi ya pampu, nikamwambia dogo afungue swichi, nikapima kwa mita: volti 12, umeme upo! Nikaichomeka nikapima tena kwa nyuma ya soketi, zikashuka mpaka 5. Hapo nikajua kuna sehemu umeme unakwama njiani.

Nikafuata waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye fremu, yaani kutu ya kijani imekula shaba yote, zimebaki nyuzi mbili tatu nyembamba kama nywele.

Nikakata, nikamenya, nikaunga upya na kusugua fremu mpaka ing'ae.

Dogo akafungua swichi... vuuuum.

Ule mlio bado nausikia mpaka sasa hivi naandika hapa.

Wenye pikipiki za injekta, nani kashaambiwa anunue pampu kumbe ni waya? Nisimulieni