Nilivyofanya msimbo wa seva zetu usomeke kwenye brauza

Kazini kwetu Upper Hill, Nairobi, seva zote hupangwa na Puppet, programu inayosoma msimbo unaoeleza seva inavyotakiwa kuwa, kisha kuiweka hivyo. Hakuna anayeingia kwenye seva kuhariri mipangilio ya nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti, kwa mkono. Unaandika unachotaka kwenye moduli (folda ya msimbo wa Puppet), unasukuma kwenye Git tunakotunza msimbo, na Puppet hupita kila nusu saa kurekebisha kilichopotoka. Shida ni kwamba anayejua kwa nini kitu kimewekwa hivyo ni yule aliyekiandika. Akienda likizo ushago, maswali yanamfuata kwa WhatsApp hadi shambani.

Waraka wa maelezo tulikuwa nao, kama ofisi nyingine yoyote. Msimbo ulibadilika kila wiki, waraka ukabaki palepale, hata ikawa aliyeusoma anapotea kuliko asiyeusoma. Nikaona heri maelezo yakae ndani ya msimbo wenyewe, kisha kurasa za HTML zitolewe humo.

Nilitumia Puppet Strings, zana inayotoa kurasa hizo kutoka kwenye msimbo wa Puppet. Imejengwa juu ya YARD, ambayo watu wa lugha ya programu ya Ruby huitumia kwa nyaraka zao, na ndiyo iliyochukua nafasi ya amri ya zamani ya puppet doc. Unasakinisha gem (vifurushi vya Ruby) mbili, yard na puppet-strings, unaingia kwenye folda ya moduli na kuandika `puppet strings generate`. Folda ya doc inatokea, unafungua index.html. Sisi moduli zetu zimekusanywa chini ya folda ya site, na amri ikiachwa peke yake haichungulii huko. Inabidi uionyeshe njia, tena ndani ya alama za kunukuu ili bash isiifasiri kabla ya wakati:

puppet strings generate 'site/**/*.pp'

Kurasa za kwanza zilikuwa mifupa mitupu. Majina ya klasi (vifungu vya msimbo wa Puppet) yapo, parameta (thamani unazoweza kuzibadilisha) zipo, pamoja na aina na thamani zake za kawaida, maana hayo Strings huyasoma kwenye msimbo moja kwa moja. Maelezo, hakuna. Terminali nayo ikajaa maonyo, kila klasi isiyo na maelezo ikitajwa na faili yake na mstari wake. Mimi nilifurahi: orodha ya kazi nimepewa bure.

Sikufuata alfabeti. Nilianza na klasi zinazoulizwa sana, mojawapo hii:

# @summary nginx inayopokea maombi ya huduma ya malipo
#
# @param muda_wa_kungoja
#   Sekunde za kungoja jibu. Usishushe chini ya 90:
#   mteja huwa bado anaweka PIN ya M-Pesa.
class profile::lango (
  Integer $muda_wa_kungoja = 90,
) {

nginx yenyewe, usipoigusa, hungoja jibu la huduma iliyo nyuma yake kwa sekunde 60. Mwanagenzi akikuta 90 ataona mtu alikosea, airudishe. Hajui kwamba huduma yetu huacha muunganisho wazi mpaka mteja ajibu ombi lililomfikia kwenye simu, na kwamba mteja mwenyewe yuko ndani ya matatu, amesimama, simu iko chini kabisa ya mkoba. Hilo ndilo la kuandika. Kuandika "huu ni muda wa kungoja" ni kumsomea mtu anachokiona.

Kuna vijimambo vya kuangalia. Usiache mstari mtupu kati ya maelezo na neno class. Mistari inayoendeleza @param iingizwe ndani nafasi mbili. Na ukibadilisha jina la parameta ukasahau lile la kwenye maelezo, Strings itakuonya, jambo ambalo waraka wetu wa zamani haukuweza kamwe. Lugha niliachia kila mtu achague, Kiswahili au Kiingereza.

Sasa kila badiliko likiingia, kurasa huzalishwa upya na kupelekwa kwenye seva ya ndani. Onyo likijitokeza, badiliko linakataliwa. Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mwenzangu mmoja akaniuliza: "Bro, yaani kitu inafanya kazi na bado unanikatalia juu ya komenti?" Nikamjibu ndiyo. Aliandika mistari miwili, ikapita.

Kilichonisumbua zaidi ni Hiera, sehemu ya Puppet inayoweka thamani za parameta nje ya msimbo, kwenye faili za YAML. Strings haisomi faili hizo, kwa hiyo ukurasa unaweza kusema 90 huku seva za majaribio zikipewa 20. Niliandika programu fupi ya Ruby inayozipitia na kutoa ukurasa wa ziada: ufunguo huu umebadilishwa katika faili hii, thamani ni hii. Thamani zinazoanza na ENC[, yaani siri zilizosimbwa kwa eyaml, zana ya kuficha siri ndani ya YAML, inaziruka. Kurasa zote hufunguka ukiwa ofisini au kwenye VPN tu, kwa sababu zimetaja majina ya seva zetu na milango ya mtandao (port) inayosikiliza.