Mugumo wa cucu ulivyonibebea masomo matatu

Mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo niliambiwa na mshauri wa masomo, na binamu yangu, na hata konda wa matatu ya Kabete aliyeona vitabu vilivyorundikana mapajani mwangu. Muhula ule nilikuwa nimejiandikisha kusoma imani za Kihindu, falsafa ya Wagiriki wa kale na ikolojia ya nyanjani, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba nitaishia kuangusha yote. Sikuangusha hata moja. Tena ripoti yangu ya nyanjani ndiyo iliyopata alama za juu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuandika chuoni. Ushauri niliopewa ulikuwa mbaya, bado unatolewa, na wanafunzi wanaonifuata wananiuliza nilifanyaje. Basi nawaeleza.

Walichonishauri wengi ni kutenga siku: Jumatatu dini, Jumanne falsafa, Jumatano porini. Usifanye hivyo. Ukitenga hivyo, kila wiki unaanza upya na kila somo linakuwa geni kwako. Tafuta kitu kimoja ambacho masomo yote yanakigusa, ukikamate hicho. Mimi nilikamata mti.

Niliupata ndani ya Chandogya Upanishadi, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu. Kuna kijana anaitwa Shvetaketu. Anapelekwa kusoma akiwa na miaka 12, anarudi nyumbani akiwa na miaka 24, amemaliza Veda zote, yaani maandiko matakatifu, na kichwa kimevimba. Baba yake, Uddalaka, anamwambia alete tunda la nyagrodha, yaani mtini mkubwa wa India. Lipasue. Unaona nini? Mbegu ndogo ndogo. Pasua moja. Unaona nini? Sioni kitu. Baba anamwambia kwamba kutokana na hicho asichokiona ndiko ulikosimama mti mkubwa hivyo, na kwamba hicho ndicho Shvetaketu mwenyewe.

Niliposoma hapo nikafunga kitabu. Nyumbani kwa cucu, yaani bibi yangu, kule Kabete, kuna mti wa mugumo, nao ni wa jenasi moja na nyagrodha, Ficus. Nimekulia chini yake, nimekanyaga matunda yake miaka yote, na sikuwahi kupasua hata moja.

Kabla ya kwenda Kabete nilipita mtaa wa Ngara kwa mzee mmoja anayeuza vyombo, familia yake ni ya Wagujarati waliokaa Nairobi vizazi kadhaa. Nilimwuliza, “Mzee, Wahindu wanaamini kwamba nafsi ya mtu na Mungu ni kitu kimoja, sivyo?” Akaweka sufuria chini. “Binti, Wahindu gani?” Akaniketisha kwenye kigoda, chai ya maziwa ikaja, na somo lile likanifaa kuliko nusu ya muhula. Mwanafalsafa Shankara na wafuasi wa shule yake ya Advaita, alisema, ndio wanaosema Atman (nafsi) na Brahman (Uungu mkuu) ni kimoja. Madhva, mwalimu wa karne ya 13, alikataa kabisa: nafsi ni nafsi, Mungu ni Mungu, milele. Mzee mwenyewe ni wa madhehebu ya Swaminarayan, na kwao mja hubaki mja hata baada ya kukombolewa. Wote hao wanasoma maneno yaleyale ya Uddalaka. Tangu siku hiyo sikuandika tena “Wahindu wanaamini” bila kusema ni wepi, na mhadhiri wangu wa dini aliliona hilo mara moja. Mzee alinihimiza pia niende kwenye hekalu lao la Nairobi, lile la mawe ya kuchongwa lililofunguliwa mwaka 1999. Nendeni. Mnavua viatu, wanawake wanakaa upande wao na wanaume upande wao, na hakuna anayekufukuza kwa sababu huijui ibada.

Aliponisindikiza mlangoni akaniuliza, “Na wewe tunda umeshapasua?”

Nikalipasua. Ndani hamkuwa na mbegu tu. Mlikuwa na nyigu wadogo mno, weusi, wengine hai.

Hapo ndipo ikolojia ilipoingia. Maua ya mtini yako ndani ya tunda. Nyigu jike huingia kwa kijitundu kilicho kwenye ncha, na njia ni nyembamba hata mara nyingi mabawa hung'oka. Hutaga mayai katika baadhi ya maua, huyachavusha mengine, hufia humohumo. Watoto wa kiume huanguliwa kwanza, hawana mabawa. Huwapanda majike wangali kwenye vifuko vyao, kisha hutoboa njia ya kutokea. Majike hutoka wamebeba chavua na wana siku moja au mbili tu za kutafuta mti mwingine wenye matunda ya umri ufaao. Watafiti waliofuatilia mikuyu ya Namibia walichapisha mwaka 2009 kwamba nyigu hao, wakichukuliwa na upepo, walikuwa wamesafirisha chavua hadi kilomita 160. Mdudu ambaye karibu usingemwona kwenye ukucha wako!

Nilitaka kuwahesabu na kuwatambua. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, kwa kujiamini kabisa, aliniambia niokote matunda yaliyoanguka, niyatie kwenye kopo lenye kifuniko, nisubiri. Nikasubiri. Matunda yalitoa jasho, kopo likajaa unyevu, ukungu mweupe ukaota, siafu wakanusa. Nyigu hata mmoja hakutoka, na wala hakukuwa na sababu ya kutoka: tunda lililoanguka limeshatobolewa na wenyewe wameshaondoka. Wiki nzima ilipotea kwa ushauri wa mtu ambaye, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi kufuga nyigu wa mtini maishani mwake. Ukipewa ushauri wa nyanjani, uliza kwanza mwenye kuutoa aliufanyia wapi.

Nilichofanya ndicho hiki, na ninajivunia. Mugumo mmoja huivisha matunda yake karibu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nilichagua tawi moja nikawa nalikagua asubuhi. Siku nilipoona tunda la kwanza lina kitundu cha kutokea, nilijua majirani zake wako karibu. Nikachuma yale yaliyovimba, yanayobonyea kidogo kwa vidole, yasiyo na kitundu bado. Kingoe cha kuvutia matawi alinichongea mjomba. Cucu aliniruhusu kwa sharti moja: tunda chuma, tawi usivunje. Mugumo kwetu ni mti wa maombi, na sharti hilo nililiandika kwenye ripoti kama sehemu ya mbinu, kwa sababu ndilo lililoamua nichume wapi.

Kila tunda liliingia kwenye chupa yake ya jemu. Mdomoni sikuweka kifuniko. Niliweka kipande cha soksi ndefu ya nailoni, nikaibana kwa mpira. Hewa inapita, unyevu unatoka, nyigu hapiti. Soksi nilizinunua soko la Gikomba, kama shilingi hamsini jozi, na jozi moja inatosha chupa nyingi sana. Chupa nikazipanga dirishani usiku. Kulipopambazuka nailoni ilikuwa na vumbi jeusi linalotembea. Nilimwita cucu, akaja na miwani yake, tukatazama pamoja hadi chai ikapoa.

Jioni hiyohiyo nilikuwa na kazi ya falsafa ya kusoma, nami nilikuwa nimechoka. Nikakuta Aristotle anaeleza kwamba katika mtini mwitu mna mdudu anayetoka na kuingia kwenye matunda machanga ya mtini wa shambani, ndipo matunda hayo yasipukutike, na kwamba wakulima hutundika matunda ya mwitu karibu na miti yao kwa ajili hiyo. Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita! Kisha mwanafunzi wake Theophrastus akaongeza kwamba wadudu hao huzaliwa kutokana na mbegu za tunda, na ushahidi ni huu: wadudu wakishatoka, mbegu hazimo.

Nikashuka kitandani nikachukua kisu. Matunda yaliyokwisha kutoa nyigu niliyapasua moja baada ya jingine chini ya kioo cha kukuzia. Yalikuwa na mbegu. Vifuko vitupu vya nyigu na mbegu nzima, ubavu kwa ubavu. Theophrastus hakusema uongo: mtini mwitu wa kwao una miti inayolea nyigu na mingine inayozaa mbegu, na yeye alipasua ile ya nyigu. Mugumo unafanya yote mawili ndani ya tunda moja. Angepasua la Kabete, hoja yake ingevunjika palepale.

Kilichonipa lugha ya kueleza kosa hilo ni shule ya Nyaya, ya mantiki ya Kihindu. Mfano wao ni mlima: kule juu kuna moshi, basi kuna moto, kama jikoni. Lakini hoja inasimama tu ikiwa moshi hauonekani kamwe pasipo moto. Ukikuta mahali pamoja tu unapokatika uhusiano huo, hoja imeanguka. Nikaipanga sura ya matokeo kwa hatua zao tano, kuanzia dai hadi hitimisho.

Mhadhiri wa ikolojia alikunja uso. “Imani haiingii kwenye ripoti ya sayansi.” Nilimjibu, kwa heshima, kwamba Nyaya haimwombi mtu asali, inamwomba athibitishe. Akanipa kurasa mbili. Alipozisoma akaniambia nimpelekee nakala ya ziada kwa ajili ya rafiki yake.

Mhadhiri wa dini naye aliuliza iwapo nyigu wangu wanamkanusha Uddalaka, aliyesema ndani hamna kitu. Hapana. Uddalaka alifika kwenye mbegu. Mimi nyigu niliwakuta kwenye tunda. Mbegu nayo niliipasua chini ya hadubini ya maabara, nikaona mche mchanga umejikunja. Alichokuwa akimfundisha mwanawe sikukiona humo, na sikuandika kwamba nimekiona wala kwamba hakipo.

Chupa bado ziko dirishani. Baadhi ya nyigu waliotoka wana kitagio (mrija wa kutagia mayai) kirefu kupita mwili wao, maana hao hawaingii tundani. Hutoboa ukuta kutoka nje na kutaga mayai bila kuuchavusha mti. Hao ndio ninaowashughulikia muhula huu, na soksi nimenunua nyingine.