Foleni ya asubuhi Kaptembwo
Kwenye ramani ya ofisini, tunakopanga jiji la Nakuru, mtaa wa Kaptembwo ni mistatili ya kijivu tu. Jumamosi niliingia ploti moja: vyumba 12 vikitazamana, kamba za nguo katikati, choo kimoja mwisho wa ua. Mama aliyekuwa akifua aliniuliza, “Kijana, mkipanga jiji, hii foleni yetu ya asubuhi mnaipanga wapi?” Sikuwa na jibu, na bado linaniuma. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, nilishangilia kweli.

Nilirudi mjini kwa miguu na vibarua wawili, kando ya lami, vumbi usoni. Nauli ya matatu, walisema, ni pesa ya unga.

Jumatatu nimeanza mchoro upya kutoka choo kile. Barabara itafuata.