Kwa nini kisima cha Shela kina maji matamu

Bahari iko hatua chache tu, lakini visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela, vinavyonywesha mji wa Lamu, vina maji matamu. Waulize wanafunzi sababu, na wengi watasema mchanga huchuja chumvi. Hauchuji. Chumvi iliyoyeyuka hupita mchangani pamoja na maji. Maji ya Shela ni ya mvua: yamepenya mchanga, yakaelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Hapo ndipo ningeanzia somo la densiti, kabla ya kutaja vipande vya chuma na mbao.

Densiti ni masi ikigawanywa kwa ujazo. Maji safi ni gramu 1.000 kwa kila sentimita ya ujazo, ya bahari ni kama 1.025. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, basi mbona isiwe 1.035? Kwa sababu chumvi nayo huchukua nafasi, na maji yaliyomo katika lita hiyo hayafiki kilo moja.

Kupima, tafuta chupa ya kioo ya lita moja na mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Pima chupa tupu, kavu. Ijaze maji ya mvua hadi mdomoni, futa nje, pima. Mwaga, rudia kwa maji ya bahari, kisha toa uzito wa chupa kila mara. Tofauti itakaribia gramu 25. Usijaze hadi usawa wa tumbo la chupa kwa kukisia: pale kwenye upana, kosa la nusu sentimita linaweza kufikia gramu 25, yaani tofauti yote unayoitafuta. Shingoni kosa hilo ni gramu mbili hivi. Maji ya mfereji yaache, huenda yana chumvichumvi tayari.

Kisha tengeneza kisima chenyewe. Koroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Jaza nusu gilasi. Tia rangi ya chakula katika maji mengine yasiyo na chumvi, uyamimine polepole juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa uso wa maji. Tabaka mbili zitaonekana wazi. Zikivurugika, umemimina kwa haraka. (Asidhani mtu kwamba ni kama mafuta na maji: ukikoroga, yanachanganyika moja kwa moja.)

Weka mrija katika tabaka la rangi, ncha yake karibu na mpaka. Vuta taratibu, yatakuja matamu. Vuta kwa nguvu, chumvi itapanda.

Hesabu yake gredi ya tisa wanaiweza: 1.000 ÷ (1.025 − 1.000) = 40, yaani kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huenda na mita 40 chini yake. Maji matamu yakisimama nusu mita juu ya usawa wa bahari, tabaka lake hushuka kama mita 20 chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji ya kisima sentimita 10 tu na kuyaweka hapo, mpaka wa chumvi utapanda hatimaye kama mita 4. Kwa hiyo visima vingi vifupi vinavyovutwa kidogo kidogo hufaa kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa, na matuta yakijengwa nyumba, mvua hukosa pa kupenyea.