Siku ya 23 kati ya 60

Saa 11 alfajiri. Nje Minneapolis ni giza na theluji, ndani ni mimi, chai ya tangawizi na vikaratasi sita vya rangi. Kila kimoja ni mtihani mmoja wa leseni ya usanifu majengo: PcM (uendeshaji wa ofisi), PjM (usimamizi wa mradi), CE (ujenzi na tathmini), PA (uchambuzi wa kiwanja), PPD (upangaji na ubunifu wa mradi), PDD (michoro na nyaraka za kina). Huku Marekani hakuna anayekupangia uanze na upi. Uhuru huo ndio ulioniponza.

Nilianza na PPD kwa sababu ndio wa kubuni jengo, na mimi kubuni ndiko kulikonitoa Tanga. Maswali 100, saa nne na dakika tano. Nikaanguka. Kuurudia lazima ungoje siku 60. Leo ni ya 23.

Saa 12 mama anapiga simu. Kwake ni saa 9 alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwani wewe si ulishahitimu? Mtihani wa nini tena?"

Namweleza kwa mara ya nne: digrii ninayo, saa 3,740 za uzoefu nakaribia kuzimaliza, lakini bila hii mitihani siruhusiwi kujiita msanifu majengo. "Haya, kunywa chai," anasema.

Saa 2 ofisini. Barua pepe tu.

Saa 4 saiti. Ni shule kongwe, tunatoboa mlango kwenye ukuta wa matofali. Fomani ananiuliza nguzo za muda za kushikilia ukuta azisimamishe wapi. Penseli yangu imeshagusa mchoro, bado kutia alama tu, ndipo nikakumbuka A201, masharti ya jumla ya mkataba wa ujenzi, niliyoisoma juzi: mbinu za kujenga na mpangilio wake ni juu ya mkandarasi. Nikichora nguzo zile nimejitwika dhima yake. Nikainua penseli.

"Hilo ni lako na mhandisi wako."

Akacheka. Nadhani alikuwa ananipima.

Saa 7 nakula kiporo cha wali ndani ya gari, na hapo ndipo akili inanijia. CE inauliza mambo haya haya ya saiti, nami nayashika kwa mikono kila wiki. Mradi ukiisha Juni, nitabaki kukariri. Basi nianze na hiyo. PcM na PjM nazo zimejaa mikataba, B101 ya mteja na msanifu ikiwemo, kwa hiyo niisome mikataba ikiwa bado ya moto. Wengi husema anza na PcM. Sawa, kwa anayeshinda ofisini. PA ya viwanja na sheria za matumizi ya ardhi ifuate. PPD na PDD ni mapacha, maarifa yake yanaingiliana mno. Kuwatenganisha ni kusoma mara mbili.

Saa 2 usiku napanga upya mezani. Mume wangu anakuja kuweka sahani, kikaratasi cha PPD kinanasa kwenye mkono wa sweta lake.

"Hiki kinakaa wapi?"

"Cha tano. Baada ya PA."