Sleep 10 haikuwa dawa: nilivyozipata aikoni zangu kwenye Openbox

Nianze kwa kujicheka. Siku nne, labda tano, nilitafuta aikoni ya waifai ambayo wala haikuwa imepotea. Ilikuwa palepale kwenye skrini, nilipoiweka kwa mikono yangu, na ningeiona siku ya kwanza kama ningeteremsha kipanya hadi ukingo wa chini.

Laptopu yangu ni kuukuu, RAM yake ni GB 2, na eneokazi lililokuja na mfumo lilikuwa limeifanya ihemewe. Nikahamia Openbox, programu nyepesi ya Linux ya kusimamia madirisha. Aliyewahi kuhama anajua jinsi unavyopokelewa: skrini tupu, na menyu ukibofya kulia. Paneli hakuna, saa hakuna, wala wa kukuambia kama mtandao upo. Mimi nilipenda. Waifai niliunganisha kwa nmcli, amri ya mtandao ya kwenye teminali, na ningeendelea hivyo hadi leo, ila siku moja niliandika ujumbe mrefu kwenye kivinjari, nikabonyeza tuma, kumbe mtandao ulishakatika kitambo. Maandishi yote yakaenda na maji. Hapo nikasema basi, nataka aikoni, ikae juu kulia, niione muda wote.

Nilichagua trayer, programu ndogo ya trei, yaani kisanduku cha kubebea aikoni. Stalonetray nayo ni nzuri, ina faili lake la ~/.stalonetrayrc na ina wapenzi wake, lakini mimi napenda kitu cha mstari mmoja. Nikaiandika kwenye ~/.config/openbox/autostart, faili la programu za kuwashwa unapoingia, pamoja na nm-applet (waifai), volumeicon (sauti) na cbatticon (betri), kila mstari ukiishia na alama ya &. Usiisahau hiyo alama, maana programu ya kwanza itakaa mlangoni na wengine wote watabaki nje. Nikatoka, nikaingia tena. Aikoni hizo hapo. Nikalala kwa raha.

Asubuhi hazipo. Jioni zipo. Kesho yake hazipo, keshokutwa zipo.

Nikauliza wajuzi. Jibu likawa moja kama waliopanga: weka sleep, amri ya kusubiri sekunde kadhaa. "Mashine yako ni nzee ndugu yangu, trayer inaamka kabla Openbox haijatulia. Iwekee sleep 10 mbele yake." Nikaweka 10. Hakuna kitu. "Basi 20." Hakuna kitu. Nikafika 30, na nakumbuka nimekaa mbele ya skrini mikono magotini, nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi thelathini, kisha nikaongeza kumi za huruma. Mwingine akanishauri nirudi kwenye eneokazi kamili. Huyo sikumjibu.

Kitu ambacho kingenizindua mapema ni hiki: kabla ya sleep nilikuwa naziona aikoni siku moja moja. Baada ya sleep sikuziona kabisa. Dawa ilikuwa inazidisha ugonjwa nami naongeza dozi.

Ukweli ulijitokeza kwa bahati. Nilikuwa naondoa kitabu mezani, kikasukuma kipanya, mshale ukateleza hadi chini kabisa ya skrini. Ikachomoza paneli nyeusi taratibu. Upande wa kushoto majina ya madirisha, kulia saa, na kati yake zimejipanga aikoni zangu tatu: waifai, sauti, betri. Nilibaki nimesimama na kitabu mkononi, natazama waifai yenye mistari yote minne.

Ilikuwa tint2, programu ya paneli. Niliiweka mwenyewe siku ya kwanza kabisa, nikanakili mipangilio ya mtu bila kuisoma, na humo ndani kulikuwa na autohide = 1, yaani ijifiche yenyewe. Kwa kuwa mimi hubadili madirisha kwa Alt+Tab, huko chini sikuwahi kwenda. Nikaisahau.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu hakuna hata mmoja wa wale wajuzi aliyenieleza. Kwenye X11, mfumo wa siku nyingi wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, trei ni cheo. Kinaitwa _NET_SYSTEM_TRAY_S0, ile sifuri ni namba ya skrini, na kwa skrini moja hukalia mtu mmoja tu. Anayewahi anakishika na kutangaza kuwa yuko, na aikoni zote zinamfuata yeye. Anayekuja wa pili anakuta kiti kina mtu. Tint2 inagombea cheo hicho ikiwa kwenye mstari wake wa panel_items kuna herufi S, na yangu ilikuwa imeandikwa TSC. Kwa hiyo kila nilipoingia, trayer na tint2 walikuwa wanakimbizana, leo huyu, kesho yule. Nami, kwa ushauri wa wajuzi, nikaenda kumfunga trayer mguu kwa sekunde kumi halafu nikashangaa mbona hashindi.

La kuudhi zaidi ni kwamba kama ningeiwasha trayer kwa mkono ndani ya teminali, ingenilalamikia yenyewe kwamba kuna trei nyingine inafanya kazi. Ikiwa ndani ya autostart inalalamika gizani, nani atasikia? Siku hizi programu yoyote inayonisumbua naiwasha kwanza kwenye teminali ndipo naenda kuomba ushauri.

Tiba: nikafuta S, nikaiambia tint2 isome upya kwa killall -SIGUSR1 tint2, nikatoa sleep zote. Dakika mbili. Utaniuliza kwa nini nisiiachie tu tint2 hizo aikoni na kuizuia isijifiche. Kwa sababu sitaki ubao unaokata skrini nzima kwa ajili ya picha tatu.

Mstari wangu sasa ni huu:

trayer --edge top --align right --widthtype request --height 22 --SetDockType true --SetPartialStrut true --expand true --transparent true --alpha 0 --tint 0x222222 &

Usidharau SetPartialStrut. Mwanzoni sikuiweka, na trei ikawa inakaa juu ya madirisha, pembe ileile yenye kitufe cha kufunga. Nikikuza kivinjari halafu nitake kukifunga, nabofya aikoni ya sauti, muziki unanyamaza. Siku nzima nilikuwa nanyamazisha muziki. Ukiiweka, trei inajitengea ukanda wake na madirisha yaliyokuzwa yanaishia chini yake. Na alpha inapotosha kidogo: 0 maana yake hakuna uwazi, inabaki ile rangi ya tint tupu. Nilihangaika kuifanya iwe wazi kabisa, zikatoka aikoni zenye vibandiko vya kijivu nyuma yake, kwa kuwa kila aikoni ya mtindo huu ni dirisha dogo linalojichorea mgongo wake lenyewe. Nikachagua rangi inayofanana na picha ya nyuma, yamekwisha.

Halafu kuna programu moja ya kuchati ambayo aikoni yake haikuja hata trei ilipokuwa imetulia. Hapo pia niliambiwa, si unajua, sleep. Safari hii sikudanganyika. Programu nyingi za siku hizi hazitumi tena kidirisha kwenye trei. Zinatangaza aikoni kupitia D-Bus, njia ya programu kupelekeana ujumbe, kwa utaratibu uitwao StatusNotifierItem ulioanzia kwenye eneokazi la KDE, na trayer hiyo lugha haijui. Hata GTK, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe, walishaachana na njia ya zamani: GtkStatusIcon, aikoni yao ya trei, ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati kwenye toleo la 3.14, mwaka 2014, na kwenye GTK 4 haimo. Kuna mkalimani mdogo anaitwa snixembed. Anapokea aikoni za mtindo mpya na kuzipeleka kwenye trei ya zamani. Nikamweka autostart baada ya trayer na kabla ya zile programu, snixembed --fork, na ya kuchati ikajitokeza.

Ninachojivunia hasa ni kitufe cha kuificha trei. Nikitazama filamu sitaki kuona betri. Jaribio la kwanza lilikuwa la kibabe: pkill trayer, kisha kuiwasha upya. Usijaribu. Trei ikifa, aikoni zinabaki yatima. Ya waifai ilirudi kwa adabu trei ilipowaka, lakini ile ya kuchati ilikwenda kuelea pembeni kama dirisha dogo lenye fremu, kitufe cha kufunga na kila kitu, picha yenyewe ikiwa na ukubwa wa ukucha.

Baadaye nikagundua kwamba dirisha la trayer lina jina, linaitwa panel. Kama lina jina, linaitika. Skripti yangu inauliza kwanza xwininfo -name panel. Ikikuta neno IsViewable kwenye majibu, inapiga

xdotool search --name '^panel$' windowunmap

na isipolikuta inapiga ileile kwa windowmap. Trei haifi, inafunikwa tu, aikoni zote zimo ndani salama, na ule ukanda wa juu unarudishwa kwa madirisha. Nikaifunga kwenye W-b ndani ya rc.xml, faili la mipangilio ya Openbox, nikapiga openbox --reconfigure. Nilibonyeza Super na B kama mara ishirini mfululizo bila sababu yoyote.

Haya yote ni ya X11. Kwenye Wayland, mrithi wake, trei ina mambo yake.

Limebaki moja dogo. Nilitaka betri iwe ya mwisho kwenye msururu, na trayer inazipanga kwa kadiri zilivyoingia. Kwa hiyo kwenye autostart yangu, mbele ya cbatticon peke yake, kuna sleep 2. Wale wajuzi wasiambiwe.